Mwalo wa umma Mto Kilombero umefungwa mnyororo, nani karuhusu?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika damu inachemka, mtanivumilia.

Mwalo wenyewe, yaani pale tunaposhushia mitumbwi na kuuzia samaki, uko Mto Kilombero, upande wa Ifakara. Jina naliacha, wanaoutumia wataujua. Zamani macho ya wakubwa yalikuwa kwenye pantoni, na ilipozama ile ya Januari 2016 kila mtu akaja kupiga picha. Daraja likafunguliwa 2018, mita 384, watu wakawa wanapita juu, sisi wa chini tukasahaulika. Sawa tu. Tulikuwa na mteremko wetu wa zege, unashusha mtumbwi, ukirudi na kitoga au perege wachuuzi wako pale na mabeseni yao.

Sasa kaibuka jamaa na mnyororo. Nguzo mbili, mnyororo katikati, kufuli. Ukifika alfajiri umpigie simu aamke! Anakuja anapiga miayo, anataka elfu mbili ya kushusha, na ukirudi elfu mbili ya kupandisha. Ukimwomba risiti, eti mashine imeisha chaji. Mashine gani hiyo haijawahi kuwa na chaji tangu masika? Jina lako analiandika kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwa nyuma.

Leseni ya uvuvi tunalipa. Ya chombo tunalipa. Ushuru wa samaki ndo usiseme. Hivyo sina ugomvi navyo. Hii ya mnyororo iko kwenye kanuni ipi?

Halafu pembeni kuna mtu kajenga ukuta na banda la bia mpaka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pale hata hatua ishirini hazifiki. Mnaoujua ule mto mnaelewa shida yake: maji yakijaa, zege la chini lote linamezwa, na sehemu pekee ya kuvutia mitumbwi ilikuwa huko ulikojengwa ukuta. Sasa tunafunga kwenye matete, asubuhi unakuta kamba tu.

Na nyie vijana wa bodaboda mnaooshea pikipiki kwenye mteremko, msidhani nimewasahau. Oili yenu inafanya zege liteleze kama bamia. Juzi mama mmoja kaanguka na beseni zima la kambale, wengine wakarudi mtoni wenyewe. Watu wakacheka. Mtaji wa mtu ule.

Asije mtu kuniambia "hameni, mto mrefu". Mrefu ndiyo, una viboko na mamba pia. Kushusha mtumbwi matetini gizani utajaribu wewe.

Ofisini nimeenda. Nikaambiwa niandike barua, nikaandika, ikagongwa muhuri, mpaka leo kimya. Naibu wa yule jamaa wa mnyororo (ndiyo, ana naibu!) ndo akaja kuniuliza kwa nini nimeandika. Barua ilimfikiaje?

Wanasheria na maafisa uvuvi mliomo humu: mwalo wa umma unaweza kukabidhiwa mtu binafsi bila mkutano wa kijiji? BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi na mwalo) wana sauti gani hapo? Na kama kuna yeyote aliyewahi kupewa risiti ya mashine pale, aiweke hapa tuione. Mnaotaka kunifuata PM ninyamaze, msijisumbue.