Mdudu wa kusafisha bwawa kaishiwa nguvu, pampu inavuta upepo, msaada wakuu

kaka_wa_paje:
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kabla sijaingia gharama ya kijinga. Naangalia nyumba ya wageni huku Paje, vyumba sita na bwawa moja la mita 10 kwa 4, na tuna yule mdudu wa kufyonza wa hozi anayechomekwa kwenye skima (lile tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu ya bwawa), siyo roboti wa umeme. Miezi yote alikuwa anatambaa fresh tu, sasa tangu wiki iliyopita ukimuwasha anaenda dakika kumi, kumi na tano, akifika kona ya kina kirefu anapoa, anabaki palepale anahema kama mgonjwa, alafu kwenye matundu ya kurudishia maji yanatoka mapovu mengi mpaka wageni wananiuliza kama hii ni jakuzi. Nikichungulia pampu kupitia kile kifuniko kinachoonyesha ndani, maji hayajai, yanafika nusu na yanachemkachemka. Geji ya filta siku zote inakaa kwenye 12, sasa hivi iko 6 na mshale unatetemeka.

Fundi kaja jana, hajashika hata bisibisi, kasema pampu imekufa tulete mpya, laki saba. Lakini mota inazunguka vizuri haina kelele wala haichemki. Tatizo ni pampu kweli au napigwa?

chumvi_kidogo:
Badilisha dayafram ya mdudu mkuu, kile kimpira kinachopigapiga ndani yake. Wangu alikuwa hivyohivyo anapoa njiani, nilivyoweka mpya akawa kama ndo katoka dukani.

babu_klorini:
Dayafram ikichoka mdudu anakuwa mvivu sawa, ila haileti mapovu kwenye pampu wala haishushi geji hivyo. Hapo kuna upepo unaingia. Usinunue kitu bado.

Mimi niko Diani, hii kazi nimeifanya miaka mingi na nikuambie kitu kimoja, huyo mdudu hana mota. Kreepy Krauly, chapa ya wadudu wa aina hii, ilitoka Afrika Kusini mwaka 1974 na mpaka leo hawa wa kufyonza wanaishi kwa mvuto wa pampu tu, kwaiyo upepo ukipata tundu popote kati ya mdudu na pampu, wa kwanza kulala ni yeye. Na tundu la upande wa kuvuta ni la kinafiki, pampu ikiwa inafanya kazi halivuji hata tone, linanyonya hewa kimyakimya. Watu wanatafuta unyevu hawauoni wanasema bomba zima. Ukizima pampu ndo wakati mwingine utaona panadondosha, kama hiyo pampu imekaa chini ya usawa wa maji ya bwawa.

Kwanza niambie maji yako yamefika wapi kwenye mdomo wa skima?

kaka_wa_paje:
Nusu ya mdomo babu, huwa naongeza kila jioni maana upepo wa huku unayanywa sana. Pale pako sawa.

babu_klorini:
Vizuri, wengi wanaanguka hapo tu. Sasa kata njia vipande viwili. Zima pampu, toa mdudu, toa hozi yote na ile sahani inayofunika kapu la skima, washa tena uache maji yaende bure. Mapovu yakiisha kabisa basi mchawi yuko kwenye hozi au kwenye sahani. Yakibaki, mchawi yuko kati ya skima na pampu. Usiguse kingine mpaka ujue yuko upande gani, maana ukianza kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutojua kilichoponya ni kipi.

Yakibaki, chukua jagi mwagia maji taratibu kuzunguka kifuniko cha pampu huku inafanya kazi. Likiwa linavuta hapo utaona ndani kunajaa ghafla kwa sekunde chache, kwasababu badala ya kunyonya hewa linanyonya maji. Alafu fanya hivyohivyo kwenye yunioni (maungio ya bomba ya kufungua) inayoingia kwenye pampu, kwenye shingo za valvu, na zile plagi mbili za kutolea maji chini ya pampu. Pasipofikika kwa jagi paka povu la kunyolea ndevu, penye tundu povu linatumbukia ndani kama limechomwa na sindano.

bi_mkubwa_fumba:
Na kabla ya kufungua kifuniko zima umeme jamani, kama pampu iko chini ya bwawa funga na valvu. Mwanangu alifungua bila kufunga, maji yakatoka pale kama bomba la zimamoto na oringi, ule mpira wa duara wa kuziba kifuniko, ikaenda na maji mpaka kwenye migomba, tumeitafuta hatujaiona mpaka leo 😂

kaka_wa_paje:
Wakuu narudi na majibu. Nimetoa mdudu na hozi yote, mapovu YAMEPUNGUA lakini hayajaisha. Nikachanganyikiwa kidogo maana babu kasema yataisha au yatabaki.

Nikamwagia jagi kwenye kifuniko, wallahi maji yakajaa mpaka juu papohapo, nikaacha kumwaga yakashuka tena. Nimerudia mara tatu kama mtoto. Nikazima, nikafunga valvu, nikafungua. Oringi imelala bapa kama chapati, imetanuka mpaka haikai kwenye mfereji wake, na imepakwa mafuta ya mgando, yale ya kupaka mwilini, mchanga umeng'ang'ania humo kibao.

babu_klorini:
Hujachanganyikiwa, una wachawi wawili. Hiyo oringi tupa. Mafuta ya mgando yanaharibu mpira wa aina nyingi, unalegea unavimba. Tafuta grisi ya silikoni, paka kidogo tu mpaka ing'ae, na ufute mfereji wote na ukingo wa kifuniko kwa kitambaa, punje moja ya mchanga inatosha kukurudisha hapa kwenye uzi.

kaka_wa_paje:
Oringi mpya nimeipata mjini, elfu kumi na tano. Bila hozi sasa pampu imejaa kama bilauri, hamna povu hata moja. Nikaunganisha hozi, nikaijaza maji kwanza pale kwenye tundu la kurudishia ili isiingie na hewa yake, nikamuachia mdudu. Akaenda vizuri kabisa... mpaka kona ileile. Mapovu tena!

Nikavua shati nikaingia. Nikawa naishika hozi kipande kwa kipande huku anatembea. Kipande cha pili kutoka skima, pale shingoni kwenye maungio, kuna mpasuko kama urefu wa ukucha. Mdudu akiwa karibu hozi imelegea, mpasuko umefumba huuoni. Akifika kona ya mbali hozi inavutika na ule mpasuko unafunguka kama mdomo wa samaki, na kipande hicho kinaelea juu nusu kiko hewani. Nimeuziba kwa kidole gumba, mdudu akaamka akaondoka.

chumvi_kidogo:
Aisee. Dayafram naifuta kauli 🙏

babu_klorini:
Umemaliza kazi wewe. Kununua hozi yote siyo lazima, vipande vinauzwa kimoja kimoja, karibu vyote ni vya mita moja, beba kimoja ukalinganishe shingo maana zinatofautiana. Ukisubiri kipya, hamisha hicho kibovu kiwe cha mwisho kule kwa mdudu, kinakaa chini ya maji muda wote. Kitanyonya maji badala ya hewa, nguvu itapungua kidogo lakini pampu haitapata upepo. Tepu usihangaike nayo, kwenye maji yenye klorini inabanduka baada ya siku mbili.

kaka_wa_paje:
Nimehamisha, geji imerudi 12 na mshale umetulia. Swali la mwisho, hozi wageni wakiwepo huwa naitoa naizungusha duara naitundika ukutani juani, ndo imepasukia hapo?

babu_klorini:
Ndo hapo. Ilaze imenyooka kivulini, ukiiviringisha inashika ule mviringo na mdudu atakuwa anazunguka sehemu moja tu. Na yule wa laki saba ulimjibu nini?

kaka_wa_paje:
Kanipigia leo asubuhi anauliza pampu alete lini. Nimemwambia aje aogelee.