Naomba ushauri: tusaini na lebo au tujitegemee?

Wakuu, habari zenu. Bendi yetu tuko wanne, na lebo moja (kampuni ya kurekodi na kuuza muziki) imetuletea mkataba. Wenzangu wanataka tusaini hata kesho. Mimi nasita, na wa kulaumiwa ni Buzzcocks, bendi ya Manchester, Uingereza. Wale jamaa wa muziki wa panki (punk) walikopa kama pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo nne Desemba 1976, na Januari 1977 wakatoa santuri 1,000 kwa lebo yao wenyewe, New Hormones. Zikaisha, wakachapisha nyingine. Ila (hapa ndipo wenzangu wananicheka) mwimbaji Howard Devoto akajitoa mapema tu, na waliobaki wakasaini na lebo kubwa, United Artists, mwaka huohuo.

Mliowahi kutoa nyimbo zenu wenyewe bila lebo, gharama ipi iliwashtua? Na kwenye mkataba nikague kifungu gani kwanza?