Sheria kali ya bunduki inaweza kupunguza wizi wa usiku hapa Goma?

Kijana wa Katoyi: Bandugu, minauliza kweli kabisa. Nilisoma vile Australia ilifanya kisha mutu moja kuua batu 35 pale Port Arthur mu 1996, serikali ikakataza bunduki nyingi za kujipakia risasi zenyewe, ikanunua karibu 650,000 mikononi mwa raia na kuziharibu. Sasa sisi huku tunalala na sikio mulangoni kila siku, sheria kama ile ingetusaidia? Ama kila mutu ashike yake nyumbani ajilinde?

Mama Furaha: Mutoto wangu, sheria ya silaha iko tangu 1985. Kwangu baliingia batatu, saa nane ya usiku, moja iko na bunduki imefungwa na kamba ya mupira, akaiweka juu ya meza ya chakula wakati anakusanya matelefone. Ile haikununuliwa mu duka. Mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia Goma, basoda ba serikali balitupa silaha na manguo yao, watoto njo balikuwa ba kwanza kuziokota, na mu avenyu yetu sijasikia hata mutu moja aliyerudisha.

Fundi wa Kenya (komini ya Lubumbashi): Pole sana mama. Huku Katanga kisha vita, PAREC, shirika ya wachungaji ya kuleta amani, ilikuwa inabadilisha bunduki na baiskeli. Muyomba wangu alitoa yake, akabeba makala na ile baiskeli miaka mingi. Mutu mwenye hana kazi, bunduki njo shamba yake, umupe ingine kwanza.

Mwana Virunga: Fundi, kwa baiskeli mutu anatoa ile imekufa anabakia na nzima. Lakini kujilinda nyumbani nakataa kabisa. Marekani raia biko na bunduki kupita hesabu ya batu benyewe, na zaidi ya nusu ya benye kufa na bunduki kule banajiua. Ya Australia nayo, wasomi bangali banabishana, ju vifo vilikuwa vinashuka hata mbele ya sheria.

Kijana wa Katoyi: Aksanti bote. Basi mutu wa hapa akitaka kurudisha, anairudisha kwa nani?

Mama Furaha: Njo hapo. Jirani yangu iko na moja, mutoto wake aliiokota, imelala mu mufuko wa makala nyuma ya jiko. Anaogopa kukaa nayo, anaogopa kuibeba mu barabara, ju akikamatwa nayo njiani nani atamwamini kama alikuwa anaenda kuitoa?