Kwa nini nilingoja mpaka muuza kahawa aninyooshee kidole?

Mama Vitenge: Wakuu, hamjambo. Jana saa saba mchana nilikuwa Kariakoo, mtaa wa Msimbazi, nimetoka kuchukua mzigo. Mbele yangu mzee wa kanzu akayumba, akashika nguzo, akateleza taratibu mpaka chini. Kofia ikamdondoka. Tulikuwa watu si chini ya thelathini. Tukaganda. Wawili wakatoa simu wakaanza kurekodi. Mimi nimebana furushi langu, namtazama jamaa wa duka la viatu, nikijua ataenda yeye maana yuko karibu. Kumbe naye ananitazama mimi!

Akaja kijana wa kahawa. Akatua birika na jiko lake, akanyoosha kidole: "Dada wa ushungi wa kijani, mshike kichwa. Kaka wa jezi ya Yanga, ita bajaji." Miguu yangu ikatembea yenyewe. Mzee alizinduka kabla bajaji haijafika.

Jamani, mimi si mtu mbaya. Msiba ukitokea mtaani kwetu, masufuria naosha mimi. Pale nilipatwa na nini? Mliosomea saikolojia nisaidieni.

Mwalimu wa Zamu: Dada, huo si ukatili. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio lao. Mwanafunzi anakaa chumbani peke yake, anazungumza na wenzake kwa kipaza sauti, mara mmoja anasikika kama ameshikwa na kifafa (sauti ilikuwa ya kurekodiwa). Walioamini ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanasikia, asilimia 31 tu. Wajibu ni kama pilau la msibani, watu wakizidi kila mmoja anaambulia kijiko. Yule kijana alipokutaja kwa ushungi wako, alikupa sinia zima.

Konda Mstaafu: Saikolojia gani hapo? Watu wanaogopa. Niliwahi kumbeba kijana aliyegongwa na bodaboda, nikakalishwa kituo cha polisi mpaka saa nne usiku, PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) na maelezo, naulizwa kwa nini shati langu lina damu. Hesabu ya tajiri siku hiyo sikupeleka.

Mwalimu wa Zamu: Na hiyo ni saikolojia, Konda. Mtu anapiga hesabu ya hasara kabla hajanyanyua mguu.

Binti Ilala: Msitukatishe tamaa. Kuna watafiti waliotazama kamera za mitaani za Amsterdam, Cape Town na Lancaster, ugomvi 219. Mara tisa katika kumi alipatikana angalau mtu mmoja wa kuingilia, na watu walipokuwa wengi ndivyo ilivyokuwa rahisi zaidi mmoja ajitokeze. Kariakoo iliyokugandisha wewe ndiyo hiyo hiyo iliyomleta muuza kahawa.

Mama Vitenge: Binti, ugomvi ni mwingine, ugomvi sisi tunaukimbilia! Konda, pole sana. Mwalimu, hapo kwenye pilau nimekupata. Leo nimepita kumtafuta yule kijana, nikanywa vikombe viwili. Namwambia ana moyo, anacheka. Anasema aliogopa kumgusa mzee peke yake, asije akamfia mikononi, ndiyo maana akatafuta wenzake. Na mimi alinitaja kwa kuwa ule ushungi ndio aliouona kwanza.