Mjadala: Friji yenye umbo la ndege ilikuwa na faida, au urembo wa kuuzia?

Chaki: Wakuu, ndege ya abiria DC-3 iliruka mara ya kwanza Desemba 1935. Mwaka huohuo kampuni ya maduka ya Sears ya Marekani ilikuwa sokoni na friji ya Coldspot, mchoro wa mbunifu Raymond Loewy, kona zote zimeviringwa kama mwili wa ndege. Kichongeo cha penseli alishakichora kama ndege tangu 1933. Friji haitembei! Nasema ulikuwa urembo wa kuuzia, na mafundi bati wakageuzwa wapambaji.

FundiBati: Mpambaji nani? Bati la mm 1 ukilikandamiza kwenye kalibu (umbo la chuma la presi) yenye kona kali, chuma kinavutika, kinakonda palepale na kuchanika. Kona inataka nusukipenyo cha mm 4 hadi 10. Halafu enameli, ile rangi ngumu ya kuchomwa: kwenye ncha kali haikai nene, ikigongwa inabanduka, kutu inaingia.

Mrengo: Mm 10 haielezi mabega ya Coldspot, yale ni mapana kupita mahitaji ya kalibu. Na ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. DC-3 kwa kilomita 300 kwa saa ni mita 83 kwa sekunde. Kifyonza vumbi, nacho kilipewa umbo hilo, husukumwa kama nusu mita kwa sekunde. Kwa umbo na ukubwa uleule, tofauti ya ukinzani ni zaidi ya mara 27,000.

FundiBati: Nimezungumzia presi, unanijibu mwendo. Soma kwanza.

Tindo: Mnagombania umbo, kumbe kikubwa kilikuwa malighafi. Coldspot ilipata rafu za alumini zisizoshika kutu. Kifyonza vumbi cha Hoover 150, mchoro wa Henry Dreyfuss, 1936, kilitumia magnesiamu kupunguza uzito. Trela la kuishi la Airstream Clipper, 1936, ndilo mwili wa ndege hasa: ganda la alumini na ribiti (pini za kuunganishia bati). Matrela ya zamani yapo, ukiyasugua yanang'aa kama kioo.

Mrengo: Usiwaambie watu wasugue ovyo! Mengi ya zamani ni Alclad: alumini safi imefunika aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine), takriban asilimia 5 ya unene kila upande. Kwa bati la mm 0.8 hiyo ni mm 0.04. Grinda inaimaliza, aloi inabaki wazi na kuliwa.

Tindo: Nani kataja grinda? Dawa laini ya kung'arisha na kitambaa. Usitumie sufi ya chuma, chembe zake hubaki na kushika kutu.

Chaki: Turudi kwenye friji jamani.

FundiBati: Ngoja, hili la ribiti lisipite. Inayovuja watu huibadilisha kwa ribiti ya kuvuta yenye msumari wa chuma. Kipande cha msumari hubaki ndani, maji yakifika alumini inayokizunguka inaliwa na kutoa unga mweupe. Weka ribiti ngumu ya alumini. Ya mm 3.2 toboa mm 3.3, acha mm 4.8 zitokeze ndani, mmoja apige nje, mwingine ashike chuma kizito ndani. Kichwa kinachojiunda ndani kikifika upana wa mm 4.8 na kimo cha mm 1.6, acha kupiga, ukizidisha kinapasuka.