Mliotumia dawa ili msirudie unga (heroini), tupeane uzoefu

Bado_Nipo:
Wakuu, leo nimefua jaketi la zamani, kwenye bitana nikagusa kitu kigumu. Kidonge cha naltreksoni, ile inayouzuia unga usifanye kazi mwilini, kimebadilika rangi, kimeganda na nyuzi. Nikakaa juu ya ndoo kama dakika kumi. Wenzangu mnaelewa. Hicho nilimwonyesha mama mdomo wazi, ulimi juu, ulimi chini, "nimemeza mama", kumbe kiko kwenye ufizi. Nilificha hivyo siku tatu, maana kinga ya kidonge kimoja ni siku moja hivi. Siku ya nne nikarudi maskani, nikachukua kipimo changu kilekile cha zamani. Nilikuwa na miezi mitano msafi, mwili haukuijua tena dozi ile, kichwa ndicho kilichoikumbuka. Nilizinduka niko sakafuni, mtu ananipulizia naloksoni puani, ile ya kumzindua aliyezidiwa na unga, mara ya pili. Nyie ilikuwaje?

Jiwe_Kisimani:
Ule mchezo wa ufizi nilidhani nimeubuni mimi.

Dada_Mdogo:
Mimi natumia buprenofini, ya kutuliza hamu ya unga. Wageni, ile si ya kumeza, inayeyukia chini ya ulimi, na ya kwanza unapewa alosto, yale mateso ya kukosa unga, ikishaanza, usiwahi. Ikishayeyuka sukutua kwa maji. Mimi nilikuja kuambiwa meno mawili yakiwa yameshaoza.

Mama_Wawili:
Mimi si mtumiaji, ni mke. Sijawahi kulisimulia hili hata kwa dada yangu.

Mume wangu alikataa kliniki kabisa. Shemeji akaja na vidonge, akasema hivi vinaua hamu, akimeza hataugusa tena unga. Tukasaga kimoja, tukatia kwenye chai yake. Ilikuwa asubuhi, naye usiku alikuwa ametumia. Haikufika saa moja. Akaanza miayo, machozi na kamasi, malaika wakasimama mwili mzima kama kuku aliyenyonyolewa. Kisha kutapika na kuharisha kwa pamoja. Alosto niliizoea, ile inakuja kidogo kidogo. Hii ilikuwa alosto ya siku tatu imemwagwa kwa mkupuo mmoja. Akawa anajipigiza ukutani, ananiuliza, "Umenipa nini? Mke wangu, umenipa nini?" Shemeji kashakimbia. Mimi nimeshika kikombe.

Hospitali wakamtundikia maji. Daktari akanieleza bila kunitukana, ingawa nilistahili: ile ni naltreksoni, haitulizi chochote, inaung'oa unga pale uliposhika kwenye ubongo na kukaa yenyewe. Mtu lazima awe amekaa siku saba hadi kumi bila kitu. Na lazima ajue anapewa nini.

Mpaka leo chai anajimiminia mwenyewe.

Kimya_Kingi:
Pole dada. Yuko hai?

Jiwe_Kisimani:
Huyo shemeji mlimfanya nini???

Mzee_Kobe:
Ndiyo maana nasema dawa zote hizo ni biashara. Mimi nilijifungia chumbani siku kumi nikatoka mtu. Hiyo methadoni, ya kunywa badala ya unga, ndiyo kabisa, mmehama kilabu tu.

Fundi_Saa:
Mzee wangu, shikamoo. Ulijifungia mara ngapi?

Mzee_Kobe:
Marahaba. Mara nne. Ya nne ikashika.

Fundi_Saa:
Basi una bahati. Sisi tulijifungia watatu, wawili nimewazika, na wote walikufa baada ya kutoka, si wakati wa mateso. Mimi niko methadoni mwaka wa sita. Mlevi gani anaamka alfajiri apange foleni, anywe kikombe kimoja mbele ya nesi, kisha akafungue saa za watu kwa bisibisi ndogo kama sindano? Tiba hii madaktari Dole na Nyswander waliianzisha New York miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiingiza pamoja na buprenofini kwenye orodha ya dawa muhimu.

Sisemi ni tamu. Choo ni kigumu, jasho usiseme. Na nilipoanza dawa za TB, baada ya siku chache alosto ikarudi wakati dozi ni ileile. Kliniki wakanitazama vibaya, kwamba nachanganya. Kumbe rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inalifanya ini liimalize methadoni haraka. Wakapandisha. Mkimaliza TB wakumbusheni washushe, la sivyo mtazidiwa mkiwa usingizini.

Mzee_Kobe:
Hata hivyo mimi foleni sijawahi kupanga.

Dada_Mdogo:
Mzee anaringa na kuta zake.

Kimya_Kingi:
Tuacheni ugomvi, Mama Wawili hajamaliza.

Mama_Wawili:
Yuko hai, yuko hapa anakoroma. Miezi minane baadaye alikwenda kliniki kwa miguu yake, akachagua sindano ya naltreksoni, inachomwa makalioni kila wiki ya nne. Anasema ameipendea hiyo kwa sababu haifichiki kwenye ufizi. Ila alipovunjika mkono, morfini ya maumivu haikumshika maana sindano ile inaizuia, wakahangaika mpaka wakaelewa. Sasa anatembea na kadi kwenye pochi. Shemeji hajaja tena.

Bado_Nipo:
Mwambie nimemsikia. Na mimi naomba hiyohiyo ya makalioni.

Njia_Panda7:
Samahani kuingilia. Nilikuwa kwenye methadoni, nikaona aibu nikaacha mwenyewe, leo siku ya tano. Alosto imenishika vibaya. Rafiki ameniletea naltreksoni, ninayo kiganjani. Si inatuliza?

Mama_Wawili:
USIMEZE. Umesoma nilichoandika?

Jiwe_Kisimani:
Mkuu weka chini hicho kidonge sasa hivi.

Fundi_Saa:
Methadoni inatoka mwilini taratibu, ukiiacha unangoja hata wiki mbili kabla ya naltreksoni. Siku tano bado kabisa. Rudi kliniki kwako uwaambie ukweli, wataanza na dozi ya chini. Usijipimie ile ya zamani, na usiguse pombe wala vidonge vya usingizi.

Njia_Panda7:
Nimekirudisha kwenye chupa. Watanisema.

Dada_Mdogo:
Watakusema, halafu watakupa.

Mzee_Kobe:
Kalale, kijana. Kesho uwahi foleni.