Madalali wa waini ya "uwekezaji" mliokuja Tabora, mlijua kabisa mnachotufanyia

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, nikiruka ruka mnivumilie.

Mi nauza asali hapa Tabora, stoo yangu iko Isevya. Mwaka juzi mwezi wa tisa walikuja jamaa wawili kutoka Dar, wakakodi ukumbi, wakatualika wafanyabiashara, wa asali, wa tumbaku, wa mbao, wakatuwekea projekta kutuonyesha waini ya Bordeaux kule Ufaransa inavyopanda bei jinsi inavyozeeka. Katoni ya chupa 6 milioni 2 na laki 4, kaa nayo miaka miwili, tutakuja wenyewe kuinunua kwa faida. Nikachukua mbili. Hela ya msimu mzima ile, nilikuwa naitunza nipaue nyumba.

Kilichonishika ni kwamba mzigo unakabidhiwa palepale. Nikasema hawa sio wale wa kwenye simu wa kukuonyesha namba zinapanda, hapa chupa nimeishika mwenyewe, nzito, lebo ina maandishi ya dhahabu GRAND VIN DE BORDEAUX, na jamaa akaweka kidole juu ya yale maandishi akaniambia "mzee wangu, hii ndo daraja la kwanza".

Uongo mtupu. Shemeji yangu kafanya kazi baa za mahoteli Arusha na Zanzibar miaka mingi, mwezi uliopita alikuja msibani nikamtolea chupa. Kaigeuza kidogo tu, kaniuliza "shemeji, nani kakuuzia hii?" Kumbe yale maneno ya dhahabu hata shamba la kawaida kule linayaandika. Daraja la kwanza la waini nyekundu walilipanga 1855, mashamba manne, Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion, 1973 wakamuongeza Mouton, basi, hakuna mwingine kwenye orodha ile. Ya kwangu chini kwa herufi ndogo imeandikwa Appellation Bordeaux Contrôlée, yaani zabibu zinaweza kutoka popote kwenye eneo lile lote, waini ya kunywa ndani ya miaka michache na sio ya kuweka akiba.

Ila hicho sicho kinachoninyima usingizi. Waini ya kuwekeza haipelekwi nyumbani kwa mtu! Inalala kwenye ghala la forodha, nyingi ziko Uingereza, nyuzi 12 au 13 hivi, giza, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke, na katoni yako inaandikwa kwa jina lako kwenye kumbukumbu za ghala. Mnunuzi kitu cha kwanza anauliza ilikaa wapi, ukikosa karatasi ya kumuonyesha bei imekufa. Kwa hiyo kule kunikabidhi mkononi nilikokuona ndo usalama, ndo kulikokuwa kunaimaliza mali, hata ingekuwa Lafite yenyewe, na wao wanalijua hilo maana ndo biashara yao.

Na niliwauliza. Niliwauliza naiweka wapi, wakanijibu popote pakavu, isimamishe tu. Nikaipandisha juu ya kabati stoo, chini ya bati. Mnaijua Oktoba ya Tabora kabla mvua hazijaanza. Juzi nashusha katoni, chupa tatu kizibo kimepanda kimetutumua ile foili ya juu, mchirizi mweusi unaonata umeshuka shingoni mpaka kwenye lebo, na boksi limeloa chini linanuka siki. Mi mteja akinunua ndoo ya asali kwangu namwambia weka mbali na jua, funga vizuri isinyonye unyevu, namwambia hata kama hajauliza.

Nikampigia yule jamaa, nikamwambia miaka miwili imetimia njoo uchukue mzigo. Eti "tunanunua iliyotunzwa kwa viwango". Viwango gani, ulinipa lini? Akakata, tangu hapo namba haiingii.

Sasa wale tuliokaa ukumbi ule, najua tulinunua wengi na najua kuna wanaoona aibu kusema. Nichekini inboksi. Risiti msitupe, chupa msifungue, pigeni picha ya lebo na kizibo sasa hivi kabla hazijavuja zaidi, Jumatatu naenda polisi na nisingependa kwenda peke yangu.